Katuni ya Mama Kabla ya Moto

Photharam, 12 Machi 2023

Mdogo wangu Kop,

Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Korea? Sisi tupo. Goti la Mama Mkubwa Lamyai limerudi kumsumbua, na kila asubuhi anautangazia mtaa mzima habari zake. Mbwa amehamia mlangoni kwa mama, analala hapo, hatumfukuzi. Mvua bado.

Nilipokupigia siku ile nyuma yako kulikuwa na mashine inanguruma na sijui ulisikia kiasi gani, kwa hiyo narudia. Mama alifariki tarehe mosi asubuhi, hospitali ya wilaya. Figo. Watawa walimsomea wiki nzima, sasa jeneza limewekwa kwenye chumba cha kuhifadhia pale hekaluni. Familia imekubaliana asichomwe mpaka zipite siku mia, ili wewe upate muda.

Unajua kwa nini. Mama hakuwa na mengi aliyoyataka kwako. Alitaka akuone umenyolewa, umevaa vazi la njano, ashike pindo lake limpandishe peponi. Ulipotimiza umri ulikuwa jeshini, ulipotoka jeshini ukapanda basi. Sasa imebaki ile ya mbele ya moto: mtoto wa kiume anaingia utawa asubuhi ya kuchomwa, analiongoza jeneza, jioni anavua. Siku moja tu, Kop.

Jambo la pili ni kitabu. Dukani kwetu bado tunachapa vitabu vya msiba, vile wageni wanavyopewa hekaluni waondoke navyo. Bosi wangu Bi Hua amenunua programu ya kompyuta inayogeuza picha za mtu kuwa katuni. Unaiingizia picha zako, inazichora upya kwa mistari ya wino, inazipanga kwenye visanduku na kuweka viputo vya maneno vitupu. Maharusi wanaigombania. Nikasema cha mama kitakuwa hivyo.

Mama Mkubwa alikuja juu. "Mdogo wangu mtu mzima yule unamgeuza kibonzo? Watu wacheke kwenye moto?"

Nikamwambia mama hakuwahi kusoma kitabu cha msiba hata kimoja. Alikuwa anaangalia picha, kisha anafunikia mtungi wa maji.

"Basi si uweke picha!"

"Ndizo hizo, Mama Mkubwa."

Amenuna siku mbili.

Programu inajua kuchora, haijui nani alisema nini. Viputo ninavyovijua nimevijaza. Kurasa sita nilizozifunga humu ni za miaka niliyokuwa Bangkok, mlipokuwa mnaishi wawili. Nakutumia kwa posta kwa sababu kwenye simu utaniandikia "sawa" na mambo yataishia hapo. Shika kalamu ujaze. Ukurasa wa sita ni stendi ya mabasi, asubuhi uliyoondoka. Binamu Sanit ndiye aliyepiga hiyo picha, lakini alikuwa upande wa pili wa barabara, hakusikia kitu. Mama amefungua mdomo. Alikuwa anakuambia nini? Huo ndio ukurasa ambao wageni watautafuta.

Niandikie unakuja lini.

Dada yako,
Pikun


Jinju, 18 Aprili 2023

Dada Pikun, shikamoo.

Bahasha yako ilikaa wiki nzima kwenye duka la vyakula vya kwetu, chini ya magunia ya mchele, mpaka mwenye duka aliponikumbuka. Kifua kimepoa. Stroberi zinaelekea ukingoni. Ndani ya banda la plastiki tunatoka jasho, ukitoka nje unatetemeka. Sikukuu ya Songkran imepita bila kumwagiwa hata kikombe cha maji. Kulikuwa na uvumi kwamba wakaguzi wanapita, kwa hiyo tulizima taa tukakaa kimya mwaka mpya wote. Mpe pole Mama Mkubwa, mwambie goti lake tunalisikia hata huku.

Nimejaza. Ule wenye ndoo, mama anasema: "Hao vyura ni wa kula au wa kufuga? Amua kabla sijawasha jiko." Ule wa ripoti ya shule:

"Wa ngapi?"

"Wa thelathini."

"Kati ya wangapi?"

"Mama, kula kwanza."

Ule wa kunyoa nywele nimeweka hivi: "Tulia. Sikio nililokuzalia ni lako, ukitikisika utalibeba mkononi." Nyingine utazisoma mwenyewe. Nilicheka peke yangu bandani mpaka watu wakauliza kuna nini.

Wa sita nimeurudisha ulivyokuja. Sikumbuki.

Kuhusu kuja, tajiri anasema tuone mavuno yakiisha. Mambo ya huku hayako kama mnavyoyapanga mkiwa mezani. Usiniwekee tarehe.

Nitumie nakala nzuri ya ukurasa wa vyura.

Mdogo wako,
Kop


Photharam, 6 Mei 2023

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Haujabadilika, bado unapanda mlima. Joto la mwaka huu limetuangusha, tumenunua feni nyingine na mbwa ndiye anayeitumia. Binamu Sanit amepata mtoto wa tatu, wa kike tena, na anajifanya hajali.

Mama Mkubwa amesoma ukurasa wa vyura. Alicheka mpaka meno ya bandia yakachomoka. Tangu hapo anawaambia watu sokoni kwamba wazo la katuni lilikuwa lake.

Sasa nisikilize. Hii programu inafanya kazi kwa sura. Inakusanya nyuso za kila mtu na kumwekea kabati lake, ikiona uso mpya inauliza: huyu ni yule yule? Kabati la mama limejaa, kuanzia picha ya studio ya utotoni mpaka ile ya hospitali. Lako linaishia ulipokuwa na miaka ishirini na minne. Miaka kumi na moja umetutumia theluji, glavu, bakuli la tambi, kreti la stroberi. Matokeo yake kwenye kurasa za mwisho mama anazeeka, wewe unabaki pale pale. Bi Hua aliangalia akasema, "Huyu kijana mjukuu wake?"

Mama Mkubwa alikuja dukani na mpango wake. "Mchore amevaa vazi la njano. Mama yake nyuma, ameshika pindo. Mashine yenu inaweza?"

"Inaweza. Lakini hakuvaa."

"Nani kakuuliza kama alivaa? Nimeuliza kama mashine inaweza."

Nilibonyeza. Programu ilikunyoa nywele na nyusi, ikakuvika, ikamweka mama nyuma yako mikono imefumbatwa. Mlipendeza. Niliangalia mpaka mteja akagonga meza kuniita. Ukurasa bado upo kwenye mashine.

Tarehe imewekwa, Jumamosi ya 24 Juni. Mkuu wa hekalu anasema hawezi kusogeza mbele tena, chumba kimejaa na watu wengine wanaendelea kufa.

Najua huna karatasi. Kila mtu anajua. Nusu ya vijana wa hapa ni mizimu wadogo huko, ndivyo mnavyojiita, na mama zao wote wanajifanya wana vibali. Najua ukitoka hawatakuruhusu kurudi. Sikuombi urudi huko, nakuomba urudi hapa. Una kitu gani huko kinachokushinda kukiacha? Stroberi?

Nitumie picha ya uso wako wa sasa, angalau programu ikujue.

Pikun


Jinju, 29 Mei 2023

Dada, shikamoo.

Hongera za mtoto mfikishie Sanit. Mavuno yamekwisha, tunang'oa miche na kuosha plastiki. Siumwi.

Umeuliza nina nini huku. Picha ipo ndani ya bahasha.

Huyo mwenye koti la theluji anaitwa Dara. Ana miaka minne na nusu. Mama yake ni Sreymom, Mkambodia, tunafanya kazi banda moja. Naye hana karatasi. Alijifungulia kwa mkunga wa kwao, chumbani, na mtoto hajaandikishwa popote. Nikipita uwanja wa ndege watachukua alama za vidole na kunifungia mlango kwa miaka. Sreymom naye akitaka kwenda kwao, ataulizwa mtoto huyu ni raia wa wapi, na hatuna cha kuonyesha. Kwa hiyo tumekaa. Kila mwaka tunasema mwaka huu tutatafuta njia.

Mama alijua. Yeye na mjukuu wake walikuwa wanaongea kila Jumapili ukiwa dukani. Dara anahesabu kwa lugha yetu mpaka ishirini, na lafudhi ni ya Photharam kabisa, utadhani amekulia sokoni kwa Mama Mkubwa. Nilimwambia mama akuambie. Akasema, "Nikimwambia Pikun atalia. Akilia, Lamyai atauliza. Lamyai akijua, si heri tugonge kengele ya hekalu?"

Usidhani aliniachilia habari ya utawa. Hakusema hata mara moja, "Basi usije." Alikuwa akimaliza kuongea na Dara ananiita kwenye simu na kuniambia, "Nasubiri." Mimi namjibu mwakani.

Ya stendi, ukweli ni kwamba ninayakumbuka vizuri. Nilijua unataka maneno ya kuliza wageni, na sina. Kondakta alikuwa ameweka ndoo ya samaki wa kuchacha juu ya begi langu. Mama alikuwa anamgombeza. "Mwanangu anakwenda ng'ambo, unataka wamjue kwa harufu?" Basi liliondoka bado wanatupiana maneno. Sijamwona tena. Andika hayo, ndiyo yaliyosemwa.

Sitakuja, dada. Na ile programu isinivike vazi. Uso wangu ni huo ulio nyuma ya Dara. Nywele zimekimbia, ndiyo maana nilikuwa nawatumia theluji.

Kop


Photharam, 2 Julai 2023

Mdogo wangu Kop,

Wote wazima, nyumba nzima. Mvua imeanza kwa fujo, barabara ya hekalu imekatika kidogo.

Sikukujibu mwezi mzima kwa sababu nilikuwa na hasira na mama, na aliye kwenye jeneza hagombezeki. Jumapili nilikuwa nikirudi jioni namuuliza, "Umeshindaje leo?" Ananijibu, "Nimefagia." Miaka minne nimeambiwa amefagia. Nilikuwa nakula naye sahani moja, Kop.

Hasira ilipopungua niliiingiza picha yako kwenye programu. Uso wako haikuutambua, ikauliza huyu ni nani, ikabidi nikutambulishe. Uso wa mtoto haikuuliza. Ilimchukua moja kwa moja ikamweka kwenye kabati la mama, kando ya picha ya studio. Nilimwita Bi Hua aje aone. Akavaa miwani, akasema, "Mashine imekosea?" Nikamwambia sijui. Sikuirekebisha. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mwisho umesimama wewe na kipara chako, na mbele yako Dara, amechorwa kwa mistari ile ile iliyomchora mama.

Ule ukurasa wa vazi la njano niliufuta. Mama Mkubwa alifoka: "Wageni watajuaje kwamba si kweli?"

"Mama atajua."

"Haya, na jeneza litaongozwa na nani? Na Sanit, aliyelewa mpaka kwenye harusi yake?"

Nikasema na mimi.

"Wewe! Mwanamke! Utavaa jeupe, na pindo jeupe halijampandisha mtu tangu nizaliwe."

"Tangu uzaliwe umelijaribu mara ngapi?"

Tulikwenda kwa mkuu wa hekalu tukiwa hatusemeshani. Mama Mkubwa alimweleza kwa urefu. Mzee alimaliza kula, akanawa, akaniangalia. "Nywele ni zake," akasema. "Nani ana wembe mkali?"

Mama Mkubwa ndiye aliyeninyoa. Alisema kama ni kuharibu, aharibu mtu anayejua kichwa changu.

Nilivaa jeupe. Nilishika uzi uliofungwa kwenye jeneza, tukazunguka jengo la moto mara tatu, watawa wakiwa mbele. Jua lilinichoma utosi. Nilikuwa najua kila hatua kwamba mahali pale ni pako, sikujidanganya. Sijui kama nimemfikisha. Nimetembea naye mpaka pale panapoishia, basi.

Wageni walicheka na vyura. Ukurasa wa stendi ulipita mkono kwa mkono, watu wakaanza kumsimulia mama na makondakta wengine, kila mtu na kisa chake. Walipofika ukurasa wa mwisho wakasema, "Huyu ndiye mama yenu alipokuwa mdogo, angalia." Nikaendelea kugawa vitabu. Mama Mkubwa alikaa na ukurasa ule peke yake. Kisha akanifuata nyuma ya jengo.

"Mdogo wangu nimembeba mgongoni mimi," alisema. "Hakuwahi kuwa na koti la theluji."

Nikajifuta jasho utosini.

"Anaitwa nani?"

"Dara."

Akaenda kwenye meza ya vitabu akachukua vingine vitano. Mpaka leo hajamwambia mtu. Tumeanza kuhofia afya yake.

Nakutumia vitatu. Simu ya mama ninayo, laini sijaikata, naiwekea salio. Siku hizi Jumapili siendi dukani. Pigeni saa zile zile mlizokuwa mnapiga. Nataka kumsikia akihesabu.

Dada yako,
Pikun


20 Julai 2023

Dada Pikun, shikamoo.

Natumaini nywele zimeanza kuota na Mama Mkubwa bado amefunga mdomo. Mimi ni mzima, ninakula, sijapigwa. Nakuandikia nikiwa kwenye kituo wanachoweka wageni wanaosubiri kurudishwa makwao. Mwenye duka la vyakula vya kwetu amekuja kunitembelea, ndiye atakayeiweka hii posta.

Bahasha yako ilifika Ijumaa. Tulikaa sakafuni watatu tukafungua. Dara alipoona ukurasa wa mwisho akasema, "Mimi." Tukarudi nyuma mpaka ile picha ya studio, mama na gauni la mistari, akasema tena, "Mimi." Sreymom alitaka kumweleza, nikamwambia amwache. Alilala na kitabu. Tulikuwa tumepanga Jumapili tukupigie, alikuwa anajifunza kufika thelathini.

Jumamosi asubuhi wakaguzi walikuja bandani. Sreymom alikuwa amempeleka Dara kliniki ya kanisa, jino. Nalishukuru lile jino. Nilikuwa nimesimama kwenye matope na mpira wa maji mkononi na sikukimbia, kwa sababu ukikimbia wanasaka mpaka vyumbani. Simu yangu ilibaki kwenye koti, koti lilibaki bandani, na tajiri anasema hajaona koti.

Mwenye duka anasema Sreymom alirudi, akachukua nguo na vitabu vyako, akahama siku ile ile bila kuaga mtu. Alifanya sawa. Ndivyo tulivyokubaliana siku nyingi, kwamba mmoja akikamatwa mwingine asisubiri na asiseme anakwenda wapi, hata kwa watu wetu. Tulikubaliana vizuri kuondoka. Kukutana tena hatukupanga. Namba yako hana. Anayoijua kwa kichwa ni ya mama, kwa sababu ndiye aliyekuwa akibonyeza kila Jumapili wakati mimi namfuta Dara pua.

Kwa hiyo nakuja nyumbani. Sijui ni lini, wanangoja karatasi za ubalozi na tiketi, labda wiki kadhaa. Usimwache Mama Mkubwa apike, usiwaambie watu. Picha ya Dara iliyo kwenye mashine ya Bi Hua usiifute, nyingine sina. Laini ya mama usiikate. Jumapili usitoke na simu iwe na chaji, na akipiga mtu asiyesema kitu, usikate, mpe muda. Kithai cha Sreymom ni kidogo na huwa anaogopa kuanza.

Nikifika nitanyolewa. Najua moto umekwisha kuzimika. Nitavaa tu, nikae msimu wote wa mvua, na mama akiwa bado yuko mahali anasubiri, pindo hilo hapo. Lakini nenda kwa mkuu wa hekalu kabla sijafika, umuulize kama mtawa anaruhusiwa kukaa na simu Jumapili. Muulize vizuri, mweleze yote. Akikataa, sinyoi.

Kop